Kukata Mvumo: Namna ya Kuchagua Pikapu Mpya za Gitaa la Umeme

Kama gitaa lako lina pikapu za koili moja, aina ya Stratocaster au Telecaster, mvumo unaujua. Ni ule "mmmm" unaosikika bendi ikinyamaza, mchungaji anapoanza kuomba au mwimbaji anapowasalimu watu ukumbini, na wewe umesahau kufunga volyumu. Umeme wetu wa gridi ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo wenyewe una noti: ni G ya chini kabisa iliyopanda kama theluthi ya nusu toni, na juu yake kuna hezi 100 na 150. Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, noti hiyo huangukia kati ya B flati na B. Huku wala kule, hakuna wimbo unaopatana nayo.

Pikapu za kukata mvumo zipo sokoni kwa wingi, na ukiingia dukani bila maandalizi utauziwa yenye jina kubwa. Msimamo wangu nautoa mapema: chagua kwa kuangalia sauti usiyotaka kuipoteza. Mvumo karibu zote zinaukata vizuri. Zinapotofautiana ni katika kile kinachoondoka pamoja na mvumo, na kwa mpigaji wa solo wa dansi au benga, kinachoondoka huwa ndicho alichokuwa akikitafuta.

Kwanza ijue kelele yako

Usitoe hata shilingi kabla ya kufanya jaribio hili. Chomeka gitaa, fungua amplifaya kama unavyoifungua siku ya onyesho, kisha funga volyumu ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikibaki vilevile, gitaa lako halina kosa. Tatizo liko kwenye kebo, kwenye amplifaya au kwenye umeme wa jengo, na pikapu mpya haitasaidia kitu.

Kelele ikiisha, fungua volyumu tena bila kugusa nyuzi, halafu ziguse. Ikiwa kulikuwa na mkwaruzo mkali wa "zzzz" na umepungua ulipogusa, huo ni mkwaruzo wa umemetuli unaookotwa na nyaya za ndani ya gitaa na hata na mwili wako mwenyewe. Dawa yake ni kulivika gitaa ngao ndani: utepe wa shaba wenye gundi ukibandikwa kwenye mashimo yote na nyuma ya plastiki ya mbele, kisha ukaunganishwa na waya wa ethi wa gitaa. Kazi hiyo fundi mzuri anaimaliza kwa siku moja, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na pikapu.

Sasa shika gitaa na ujizungushe taratibu, kama anayetafuta upande wa kibla. Mvumo mzito ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, hapo umeupata mwenyewe. Huu ni uga wa sumaku unaotoka kwenye transfoma ya amplifaya yako, kwenye jenereta, kwenye stabilaiza iliyowekwa chini ya jukwaa, au kwenye balasti za taa za tyubu. Utepe wa shaba hauuzuii. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wengi hulipia ngao, kisha hushangaa mvumo uko palepale. Shaba nyembamba huzuia umemetuli. Uga wa sumaku wa hezi 50 unapita humo kana kwamba hakuna kitu. Kinachouondoa ni koili ya pili.

Kuna jambo la tatu, na hili linahusu uhai wako. Nyumba na kumbi nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la ethi halikuunganishwa na chochote. Ukigusa nyuzi na midomo ikagusa maikrofoni ukahisi kupigwa, acha kupiga na umwite fundi umeme. Na mtu akikushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi ili kelele ipungue, usimsikilize. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na chasisi ya amplifaya, na ethi ndiyo pekee inayosimama kati yako na umeme siku kitu kitakapoungua ndani yake.

Tuchukulie umefanya yote hayo na mvumo wa sumaku umethibitika. Kuna jaribio moja zaidi, la bure. Weka swichi kwenye nafasi ya pili na ya nne, zile ambazo pikapu ya kati inafanya kazi pamoja na ya daraja au ya shingo. Mvumo ukikatika hapo, pikapu yako ya kati tayari imezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, kama ilivyo kwenye Stratocaster nyingi za siku hizi. Wapo wapigaji ambao maisha yao yote yako kwenye nafasi hizo mbili. Kama ni mmoja wao, hela yako iweke mfukoni. Na kama nafasi hizo nazo zinavuma, unaweza kubadilisha pikapu ya kati tu, ukaweka ya koili moja iliyogeuzwa. Ni njia ya bei nafuu kuliko zote, ingawa nafasi za kwanza, ya tatu na ya tano zitaendelea kuvuma.

Koili ya pili na gharama yake

Pikapu ya kawaida ya Stratocaster ni sumaku sita fupi zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, unene wake kama milimita 0.06, mizunguko karibu 8,000. Ukiufungua wote utapata kama kilomita moja ya waya. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga unachezacheza na koili inazalisha umeme kidogo. Lakini koili haichagui: uga wa transfoma nao ukipita, inaupokea kwa heshima ileile.

Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili, akaipata mwaka 1959. Wakati huohuo Ray Butts alikuwa akiunda ya kwake, ambayo Gretsch waliitumia kwa jina la Filter'Tron. Wazo ni moja. Koili mbili zinaunganishwa kinyume, kwa hiyo mvumo unaoingia kwa usawa katika zote mbili unajifuta. Sumaku nazo zinageuzwa, basi sauti ya nyuzi inakuwa imepinduliwa mara mbili na kurudi upande mmoja, ikajumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka.

Gharama yake ni kwamba hambaka ya kawaida inasikiliza uzi katika sehemu mbili zilizoachana, na baadhi ya sauti za juu zinazotokea hapo zinafutana. Tena koili mbili zilizofuatana zina indaktansi kubwa, nayo hukata makali. Matokeo ni sauti nene, ya duara. Kwa wapigaji wa roki na jazi hiyo ni neema. Kwa dansi la kwetu hali ni tofauti. Bendi yenye solo, mi-solo na rithimu kwa pamoja, pamoja na besi, tarumbeta na ngoma, inahitaji kila gitaa likae mahali pake. Sikiliza sebene lolote zuri: noti za solo ni fupi, zinapigwa juu ya freti ya saba, na masikio yako yanazifuata kwa sababu mwanzo wa kila noti una mlio mkali wa chuma. Ondoa ule mlio na magitaa matatu yanakuwa uji.

Ndiyo maana swali la mpigaji wa hapa haliishii kwenye kuondoa mvumo. Anatafuta pikapu itakayokaa kwenye tundu la koili moja, ikate mvumo, na mwanzo wa noti ubaki na mlio wake.

Zilizopandana

Njia iliyojibu swali hilo vizuri zaidi ni kuziweka koili mbili moja juu ya nyingine badala ya kando kwa kando. Ukiitazama kwa juu unaona sumaku sita kama za zamani. Koili ya juu, iliyo karibu na nyuzi, inasikia muziki na mvumo. Ya chini inasikia hasa mvumo, na kazi yake ni kuufuta.

Neno "hasa" hapo limebeba historia nzima ya pikapu hizi. Katika zile za mwanzo sumaku zilipita ndani ya koili zote mbili, kwa hiyo ya chini nayo ilikuwa inasikia nyuzi kiasi, na kwa kuwa imeunganishwa kinyume ilikuwa ikiila sauti ya mwenzake. Mafundi wakaongeza mizunguko ya waya ili kufidia, indaktansi ikapanda, makali yakapungua. Ukimsikia mpigaji mkongwe akisema pikapu za kukata mvumo zimekufa sauti, mara nyingi anazungumzia hizo, na hajakosea. Za siku hizi zimeundwa kwa njia nyingine: vipande vya chuma vinaitenganisha koili ya chini na nyuzi, na mara nyingi koili hiyo ina waya au mizunguko tofauti na ya juu. Tofauti unaisikia kwenye noti ya kwanza.

Majina utakayokutana nayo ni mfululizo wa Area wa DiMarzio (58, 61 na 67), Classic Stack Plus wa Seymour Duncan, Noiseless za Fender, na Kinman kutoka Australia. Kwa solo safi ya dansi, mimi ningeanza na Area 67 kwenye shingo na kati, kwa sababu ina makali ya kutosha bila kuchoma masikio, na Area 61 kwenye daraja, ambayo imejaa zaidi kidogo. Kinman nazo ni nzuri sana, ila kuzipata kunahitaji kuagiza kutoka mbali na kusubiri.

Usichague kwa jina la msanii. Yngwie Malmsteen kwa miaka mingi alitumia HS-3 ya DiMarzio, nayo ni pikapu iliyopandana yenye sauti laini na nguvu ndogo. Kwake ilifaa kwa sababu aliisukuma kwa pedali ndani ya amplifaya za Marshall zilizofunguliwa hadi mwisho. Iweke hiyohiyo kwenye gitaa la mi-solo, amplifaya safi, na utadhani mtu ametupia blanketi juu ya spika. Eric Clapton naye ni mfano mzuri wa aina nyingine: gitaa lenye jina lake lilitoka mwaka 1988 likiwa na Lace Sensor za dhahabu, na mwaka 2001 likahamia Vintage Noiseless. Lakini ndani ya gitaa hilo kuna saketi ya betri inayokuza sauti za kati, kwa hiyo unachokisikia kwake si pikapu peke yake.

Lace Sensor zenyewe, kwa kuwa tumezitaja, hutumia sumaku dhaifu na uzio wa chuma kuzunguka koili. Zinapunguza kelele bila kuzimaliza. Zina sauti yake ya pekee, ya kioo, na kwa kuwa mvuto wa sumaku ni mdogo nyuzi zinalia muda mrefu. Ukizikuta kwenye gitaa la mtumba usiharakishe kuzing'oa.

Za reli, za betri na nyinginezo

Pikapu za reli ni hambaka iliyobanwa ikatoshea kwenye tundu jembamba: vipande viwili virefu vya chuma badala ya sumaku sita. Hot Rails ya Seymour Duncan na Fast Track za DiMarzio ndizo zinazojulikana. Zinakata mvumo kuliko zote na zina nguvu nyingi. Kwenye daraja, kwa mtu wa roki au wa kwaya za injili zenye distoshoni, ni chaguo la maana. Kwa rumba, hapana. Zipo pia za reli zisizo na jina, za sumaku za seramiki, zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili watatu. Si takataka kama wengi wanavyosema. Zinakata mvumo kweli, na kwa kijana anayejifunza kwenye chumba chenye umeme mbaya zinatosha kabisa, mradi asitarajie sauti ya Stratocaster.

EMG SA ni za betri ya volti 9, zenye amplifaya ndogo ndani yake. David Gilmour alizitumia kwa miaka mingi, basi usiambiwe kwamba pikapu za betri ni za hevi metali tu. Sauti yake ni safi, imenyooka, na kebo ndefu haiiharibu. Masharti ni mawili. Utabadilisha zote tatu pamoja na potenshomita zake, maana zinatumia za kilo-omu 25, ambazo ni sehemu ya kumi ya zile zilizomo. Na utazoea kuchomoa jeki kila unapomaliza kupiga, kwa kuwa jeki ndiyo swichi ya betri. Anayesahau kuchomoa atasahau mara moja tu, siku ya harusi ya watu.

Fishman Fluence, zilizotoka mwaka 2014, nazo zinahitaji umeme wake zenyewe, ila koili zake ni mistari iliyochapwa kwenye tabaka badala ya waya uliozungushwa. Ni ghali. Wapo pia wanaoacha pikapu za zamani mahali pake na kuongeza koili tupu isiyo na sumaku nyuma ya gitaa, kazi yake kufuta mvumo peke yake. Ilitch wanaitengeneza hiyo. Kama gitaa lako ni la thamani na unapenda sauti yake hivi ilivyo, hiyo ndiyo njia isiyogusa sauti kwa kiasi kikubwa.

Wenye P-90, ile pikapu pana ya Gibson ya tangu mwaka 1946, nao wana za kwao zilizopandana zinazoingia kwenye tundu lilelile. Wapiga besi wengi hawana haja ya kuendelea kusoma: Precision Bass ya mwaka 1957 na kuendelea ina pikapu iliyogawanywa vipande viwili vinavyofutiana mvumo, na Jazz Bass haivumi ukifungua volyumu zote mbili sawa.

Namba za kwenye boksi

Muuzaji atakuonyesha kilo-omu. Atasema hii ni ya 6, hii ya 10, na hii ya 17, kana kwamba ni nguvu za farasi. Ukinzani unakuambia urefu na wembamba wa waya, basi. Hot Rails ya daraja ina karibu kilo-omu 17, na ni kweli ina nguvu. Lakini kuna pikapu zilizopandana zenye kilo-omu 10 ambazo hazina sauti kubwa kuliko ya zamani yenye 6, kwa sababu nusu ya waya huo uko kwenye koili ya chini, ambayo haipigi muziki. Tena ukinzani wa shaba hupanda kwa joto: pikapu iliyopimwa kilo-omu 6 kwenye chumba cha nyuzi joto 20 itasoma kama 6.2 Dar es Salaam mchana wa nyuzi 30. Usimgombeze muuzaji kwa tofauti hiyo.

Namba yenye maana ni indaktansi, inayopimwa kwa henri. Kampuni nyingine huiandika, nyingine ukiwauliza watakujibu. Pikapu ya koili moja ya Stratocaster ina henri 2 hadi 2.5 hivi. Pamoja na kebo ya mita chache, yenye uwezo wa kama pikofaradi 500 kwa jumla, kilele cha sauti yake kinakaa karibu na hezi 4,700, na hapo ndipo ule mlio wa chuma unapoishi. Chukua pikapu ya henri 6 kwa kebo ileile, kilele kinashuka hadi karibu hezi 2,900. Hakuna nobu ya trebo itakayokirudisha, kwa sababu unaongeza kitu ambacho pikapu haikukitoa. Kwa mtu anayetaka sauti ya dansi, mimi nakataa chochote kinachozidi henri 3.5 kwenye shingo na kati. Kwenye daraja unaweza kwenda hadi 4, kwa sababu sauti ya huko huwa kali mno kwa asili yake.

Sumaku: alniko 5 inang'aa na kugonga, alniko 2 ni laini na inalegeza kidogo, seramiki ni kali na ya moja kwa moja. Hizo ni tabia za jumla, na jinsi koili ilivyozungushwa yaweza kuzigeuza.

Milivolti za nguvu, kama zile ambazo DiMarzio huziandika, zilinganishe ndani ya kampuni moja tu. Kila kampuni ina namna yake ya kupima.

Kisha sikiliza. Video za majaribio ni nyingi, na nyingi zina pedali tano mbele ya amplifaya, zipite hizo. Tafuta mpigaji mmoja aliyelinganisha pikapu mbili kwenye gitaa moja, sauti safi, na usikilize kwa hedifoni badala ya spika ya simu. Sikiliza uzi wa G na wa B zikipigwa, kidole gumba cha kulia kikizizima mara moja. Usikilize pia nafasi ya pili na ya nne, maana huko ndiko pikapu nyingi za kukata mvumo zinapofeli: peke yake inapendeza, ikiunganishwa na jirani yake inakosa ule mlio wa kioo.

Kabla ya kulipa

Pima. Nyingi ya zilizopandana ni ndefu kwenda chini kuliko za kawaida, na magitaa ya bei nafuu, hasa yenye mwili mwembamba, yana mashimo mafupi. Fungua plastiki ya mbele, ingiza rula, uandike kina cha kila tundu. Pima pia umbali kutoka katikati ya sumaku ya kwanza hadi katikati ya ya sita. Kwa kawaida ni kati ya milimita 48 na 53, na magitaa ya Asia na ya Marekani hayalingani. Kosa la milimita mbili linavumilika kwenye shingo. Za reli hazina shida hiyo.

Jihadhari na kuchanganya. Ukiweka moja ya kukata mvumo na kuacha mbili za zamani, nafasi zenye mchanganyiko zitavuma kama nusu, kwa kuwa ile ya zamani haina wa kuifuta. Na zikitoka kampuni tofauti, zinaweza kuwa zimepishana mwelekeo, sauti ikawa nyembamba ya puani kama simu ya zamani. Yenye nyaya nne unaweza kuigeuza; yenye waya mmoja na ngao yake ni vigumu. Mfuko ukiruhusu, nunua zote tatu kwa pamoja. Mfuko ukibana, nunua ile unayoipiga peke yake mara nyingi, na kwa wapigaji wengi wa solo hiyo ni ya daraja au ya shingo, si ya kati.

Jambo lingine la bei: seti ya tatu ya kampuni kubwa, ukijumlisha usafiri na ushuru, yaweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe la wanaoanza. Kama gitaa halishiki tyuni na freti zimelika, pesa hiyo ipeleke huko kwanza.

Kufunga

Kama unaweza kulehemu redio, hii unaiweza. Kama huwezi, mpelekee fundi wa redio aliye makini na umpe mchoro wa nyaya. Hana haja ya kujua gitaa. Piga picha ya saketi yote kabla ya kukata chochote. Rangi za nyaya hazina sheria moja: kwa Seymour Duncan mweusi ndio wa sauti, wa kijani ni ethi, mwekundu na mweupe zinaunganishwa pamoja na kufunikwa, kwa DiMarzio mwekundu ndio wa sauti, wa kijani ni ethi, na mweusi na mweupe ndizo zinazounganishwa. Fundi asiyejua hili atafuata mazoea, na gitaa litatoka bubu.

Wenye Telecaster, angalia hapa. Kwenye magitaa mengi ya aina hiyo sahani ya daraja, na nyuzi zote pamoja nayo, hupata ethi kupitia bamba la chuma lililo chini ya pikapu ya daraja. Pikapu mpya ikiwa haina bamba hilo, ongeza waya kutoka kwenye sahani hadi mgongo wa potenshomita. Ukisahau, utapata mkwaruzo mkubwa kuliko mvumo ulioukimbia.

Potenshomita za kilo-omu 250 ziache zilipo kwa pikapu zilizopandana, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo. Za reli zinapumua vizuri zaidi na za 500. Kabla ya kufunga nyuzi, chomeka amplifaya kwa sauti ya chini, uguseguse kila pikapu kwa ncha ya bisibisi huku ukizungusha swichi. Zote zikigonga, rudisha plastiki.

Urefu wa pikapu ndio unaomaliza kazi, na ndio unaopuuzwa. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, upime kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku. Anza na milimita 3 upande wa nyuzi nene na 2.5 upande wa nyembamba. Pikapu iliyo juu mno kwa upande wa nyuzi nene huvuta uzi kwa sumaku yake, na noti za juu zinatetemeka kana kwamba gitaa halijatyuniwa. Ishushe robo mzunguko wa skrubu kila mara, piga dakika kadhaa, kisha uamue.

Pikapu ulizozitoa zifunge kwenye karatasi, uandike ipi ilikuwa shingo, ipi kati, ipi daraja, uziweke ndani ya begi la gitaa. Siku ukiliuza, mnunuzi atakuuliza ziko wapi.